Kope za Fundi wa Kope

Mtaa mzima ulimwita Macho. Jina hilo alilipata mwaka ule Madamu, mwenye saluni, alipompiga picha ya uso, akakata pua na mdomo, akabakiza macho peke yake na kuyapeleka kwa mchora mabango. Tangu hapo macho yake yalikaa juu ya mlango wa saluni, kila moja kubwa kama sinia, kope zimepinda kwenda juu hadi zinakaribia kugusa nyusi. Mgeni akiuliza njia aliambiwa: pita duka la dawa, ukiona macho yanakukodolea, umefika.

Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mke wa fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache na vidole visivyotetemeka. Kazi yake ilikuwa kubandika kope. Mteja alilala chali kwenye kitanda chembamba na kufumba macho, naye akakaa upande wa kichwa chake, kibanio mkononi, akichovya kope moja moja kwenye tone la gundi na kuiweka juu ya kope ya mteja. Saa mbili, wakati mwingine tatu. Wateja walisinzia, wengine wakakoroma, na waliamka wakiwa na macho ya watu wengine.

Madamu alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila Jumatatu. "Fundi ndiye tangazo. Mteja anakuangalia wewe kwanza, ndipo anaangalia bei." Kwa hiyo Macho naye alibandika za kwake. Miaka sita sasa.

Aliamka kabla ya kila mtu. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na bafu dogo la uani lisilo na komeo. Komeo lilikatika zamani, na fundi wa mafriji, kama mafundi wengi, hakuwa na nafasi ya kutengeneza cha kwake. Macho aliegemeza ndoo ya maji mlangoni, akatundika kioo kwenye msumari na kuanza kazi. Hakuweza tena kubandika moja moja kama alivyowafanyia wateja, maana hapakuwa na pa kubandikia. Alitumia zile za mkanda, zilizoungana kwenye uzi mmoja, zinazokaa juu ya ngozi yenyewe. Gundi ilikuwa imezimaliza za kwake taratibu. Akibandua mkanda, moja inatoka nao. Akisugua jicho kwa kuwashwa, mbili. Nyusi nazo, nusu ya nje ilikwenda na nta na kibanio, na iliyobaki aliichora kwa wanja. Bila vitu hivyo uso wake ulionekana kama picha iliyochorwa na mtu aliyeitwa nje kabla hajamaliza.

Mume wake hakuwahi kuuona uso huo. Si kwamba Macho alikusudia kumficha. Walikutana siku alipokuja saluni kutengeneza kiyoyozi, akamwambia, "Dada, una macho ya kumsahaulisha mtu spana yake," na kweli akaisahau, akaifuata kesho yake. Baada ya hapo ikawa vigumu kupata siku ya kusema. Siku ya posa haikufaa. Siku ya harusi ndiyo kabisa. Na baada ya harusi, kila siku aliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa nzito zaidi. Miaka minne ya ndoa ikakatika hivyo, yeye akilala na kope zake za dukani kama mlinzi anayelala na viatu.

Asubuhi moja alihesabu zilizobaki. Jicho la kulia, kumi na moja. La kushoto, nne, na moja kati ya hizo nne ilikuwa imelala kama inayoaga. Akakaa juu ya ndoo na taulo mabegani, mpaka mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, akagonga na kuuliza kama maji yamemmeza.

Siku hiyo hiyo, mchana, alikwenda sokoni kwa mama mmoja aliyeuza mafuta ya kukamua, ya nazi, ya ufuta, ya alizeti na mengineyo, yote kwenye chupa za dawa ya kikohozi zilizooshwa.

"Naulizia mafuta ya nyonyo," alisema Macho. "Ni ya shangazi yangu."

"Shangazi ana shida gani?"

"Kope zinapukutika. Na nyusi."

Muuza mafuta akamwangalia kwa muda. "Mwambie shangazi aoshe uso kwanza, ukauke. Achukue kibrashi kisafi, kidogo kabisa, apake kwenye mizizi tu, jioni. Asubuhi aoshe. Kwanza ajaribu tone moja ndani ya kiwiko, alale nalo aone kama ngozi inakubali. Na asiyaingize machoni, atakuwa haoni mbele."

"Ataona mabadiliko lini?"

"Mimi nauza mafuta, mwanangu. Tarehe siuzi." Alianza kuifunga chupa kwenye gazeti, kisha akasita. "Ila kama shangazi bado anabandika gundi, asijisumbue. Mafuta yanailegeza gundi. Achague kimoja."

"Shangazi habandiki," alisema Macho.

"Vizuri," alisema yule mama, macho yake yakiwa palepale kwenye kope za Macho, nyeusi na ndefu kama ufagio, akampa chupa.

Alificha chupa bafuni nyuma ya mfuko wa sabuni ya unga. Kiwiko kilikubali. Akajipangia utaratibu: akitoka kazini anaoga, anabandua, anapaka mafuta, anavuta kitambaa cha kichwa hadi karibu na macho, anakula haraka akiwa ameinama, kisha anakwenda kulala ameelekea ukutani. Kitanda kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani, kwa hiyo pua yake iligusa chokaa. Alisikia mume na mama mkwe wakicheka sebuleni kwa jambo fulani kwenye redio, naye amejilaza pale, macho yanateleza, anaogopa hata kugeuka.

"Siku hizi unalala na kuku," mume wake alisema akiingia.

"Uchovu," alijibu ukutani.

"Nikuletee maji?"

"Hapana. Lala tu."

Kulipopambazuka alisugua mafuta kwa sabuni na kubandika upya. Lakini nyonyo ni mafuta mazito, hayaondoki kwa sabuni ya mara moja. Gundi ilishika shingo upande. Siku ya kwanza alizibonyeza kope kila baada ya dakika kumi. Siku ya tano akajifanya ana mafua ili awe na sababu ya kushika uso na leso. Siku ya tisa akawa anambandikia karani wa shule ya jirani, mteja wa miaka mingi, ambaye hulala na kukoroma kabla gundi haijafunguliwa. Macho aliinama kuweka kope ya mwisho ya jicho la kulia, na mkanda wake mwenyewe wa kushoto ukabanduka, ukaanguka kwenye shavu la karani.

Karani akaamka. Alikipapasa kile kitu, akakiinua mbele ya uso, akakitazama kwa jicho moja. Kisha akamtazama Macho.

"Dada," alisema polepole, "jicho lako limepatwa na nini?"

Hakusema kwa sauti kubwa, ila wakati huo huo mashine ya kukaushia nywele ilikuwa imezimwa, na saluni nzima ikasikia. Wanawake wanne wakageuza vichwa vyenye rola. Macho alilifunika jicho kwa kiganja na kusimama hivyo, kibanio bado mkononi, hajui aende wapi, maana mlango ulikuwa upande wa wateja.

Madamu alimvuta hadi stoo, katikati ya maboksi ya shampuu, akamshika kidevu na kumgeuza kuelekea taa, jinsi mtu anavyokagua nyanya.

"Umepaka nini?"

"Mafuta ya nyonyo."

"Kwa nini?"

"Zimeisha, Madamu. Nataka ziote."

Madamu alitazama jicho moja, kisha la pili. Kwa muda mfupi uso wake ulilegea, Macho akadhani ataambiwa pole. "Nani mwingine anajua?" aliuliza Madamu.

"Hakuna."

"Basi na isijulikane. Nitamwambia karani umeugua macho. Hayo mafuta utaacha leo. Nina gundi nyingine, kali zaidi, inashika hata ukiogelea. Wewe ni bango langu, unanielewa? Watu wakisema fundi wa kope hana kope, tumefunga wote wawili."

Macho alielewa. Mshahara wake ndio uliolipa pango na dawa za presha za mama mkwe. Kazi nyingine hakuijua, na saluni nyingine mbili za mtaa zilikuwa za wadogo zake Madamu. Aliichukua gundi.

Gundi mpya ilishika kweli. Ilikuwa na harufu ya rangi ya gari na ilichoma kidogo kila asubuhi, kisha ikawa inachoma siku nzima. Wiki ya pili ngozi ya juu ya macho ikaanza kuvimba. Akaongeza wanja ili uvimbe usionekane. Hakuthubutu kubandua jioni, kwa kuwa kubandua kulikuwa kunang'oa ngozi, kwa hiyo akaacha mkanda ukae siku mbili, tatu, anaongeza gundi juu ya gundi. Mume wake alimuuliza kama analia. Alisema ni vitunguu. Siku hiyo walikuwa wamekula maharage yaliyopikwa na mama mkwe, na kitunguu hakikuwamo.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa aliamka, akapapasa njia hadi bafuni kama kawaida, akaegemeza ndoo. Akasubiri giza liondoke machoni. Halikuondoka. Macho yalikuwa yamevimba usiku, yakatoa maji, na maji yale na gundi vikakauka pamoja. Alivuta kwa vidole, maumivu yakampanda hadi utosini. Alijaribu tena. Akakaa sakafuni kwenye maji baridi, amefungiwa nje ya macho yake mwenyewe, akisikia majirani wakifagia, jogoo wa mtu, redio ya mtu, dunia yote ikianza kazi. Hata mlango hakuweza kuukumbuka uko upande gani.

Mwishowe akaita. Hakumwita mume wake.

"Mama."

Ndoo ilisukumwa na maji yakamwagika. Mama mkwe akaingia. Kisha Macho akasikia magoti ya mzee yakilia, anachuchumaa.

"Usivute," alisema. "Ukivuta utang'oa na jicho. Yale mafuta yako yaliyo nyuma ya sabuni bado yapo?"

Macho aligeuza uso kule sauti ilikotoka. "Ulijua, mama?"

"Ninafagia bafu hili kila siku. Mwanzo nilidhani ni miguu ya mende. Nikanunua dawa, nikapulizia wiki nzima, nikapiga chafya mimi mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeua kope zako?"

Macho alicheka, na kucheka kukauma, akaacha. Mama mkwe alichemsha maji, akachovya pamba, akaifinya na kuiweka juu ya macho yaliyofumbwa. Ilipopoa akaweka nyingine. Kisha akachukua nyonyo, tone kwa tone kwenye ncha ya kitambaa, akawa anapitisha kwenye mstari wa gundi, kutoka puani kwenda nje, polepole, kama anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Ilichukua karibu saa nzima. Gundi ikawa inanyong'onyea na kutoka vipande vipande. Jicho la kulia likafunguka kwanza, na kitu cha kwanza ambacho Macho alikiona ni mume wake, amesimama mlangoni na mswaki mkononi.

Hakujua alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikuwa anamtazama usoni, mahali palipozoeleka kuwa na kope na nyusi, na sasa palikuwa na wekundu, mafuta na uvimbe.

"Vaa," alisema. "Nakupeleka hospitali."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye haraka, lakini alipomulika jicho la kushoto haraka ikamwisha. Alisema ngozi imeikataa gundi, na kwamba akiendelea nayo jicho lenyewe litadhurika. Akaandika dawa ya kupaka na kusema kuanzia leo hakuna kubandika kitu chochote, si mwezi huu tu, moja kwa moja.

"Na mafuta ya nyonyo?" Macho aliuliza.

"Uvimbe ukiisha, ukipenda paka, kidogo, nje ya jicho. Yatailainisha kope isikatike ovyo. Kwamba yanaotesha, sina ushahidi wa kukuonyesha. Kinachoweza kuziotesha ni wewe kuziacha. Hesabu miezi, usihesabu wiki. Na pengine palipokufa pamekufa."

Siku tatu zilipita nyumbani bila maneno ya maana. Mume wake alisema "chumvi", akasema "funga mlango", basi. Siku ya nne alikuwa sakafuni anafungua feni ya jirani, Macho amekaa kitandani, uso uko wazi kwa kuwa hakuwa na cha kuuvika.

"Kumbe miaka yote nilikuwa naangalia nailoni," alisema mume bila kuinua kichwa.

"Kope tu. Macho ni yangu."

"Sisemi kope. Nasema miaka minne umeamka kabla yangu kila siku. Nilidhani ni bidii. Nilikusifia hata kwa rafiki zangu." Alizungusha bisibisi. "Ulidhani ningefanya nini?"

"Sikujua. Ndicho nilichoogopa."

Alitafuta skrubu kwenye kiganja, akaikosa, akaipata chini ya goti. "Nipe muda nizoee," alisema, na Macho akaona hana haki ya kuomba zaidi ya hapo.

Alirudi saluni uso ukiwa mtupu, amejiandaa kufukuzwa. Madamu hakumfukuza. Mikono ile hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Badala yake alimletea miwani yenye fremu nene nyeusi na vioo visivyo na nguvu yoyote.

"Utavaa hii," alisema. "Ukiulizwa, macho yamepungua nguvu kwa sababu ya kazi. Hata huruma utapata."

Ndivyo Macho alivyokaa miezi mitano, nyuma ya miwani asiyoihitaji, akibandika gundi ya kawaida kwenye macho ya watu. Vioo vilipata ukungu kwa pumzi za wateja. Fremu ilimchimba masikioni. Kila jioni alivua, akaosha uso, akapaka nyonyo mezani mbele ya watu wote, mama mkwe akisimamia na kusema, "Umezidisha, hayo sasa ni ya kukaangia." Kuna siku alipaka akiamini na siku alipaka kwa mazoea tu. Mwezi wa kwanza hakikuota kitu. Mwezi wa pili mume wake, akimpita kwenda kunywa maji, alisimama, akainama karibu na uso wake na kusema, "Hapa kuna kitu," akagusa unyusi wa kulia kwa kidole chenye grisi. Vilikuwa vinyweleo vitatu. Macho alivitazama kwenye kioo mpaka chakula kikapoa.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, jicho la kulia lilikuwa na safu nzima, fupi na nyembamba. La kushoto lilikuwa na pengo katikati, upana wa punje ya mchele, na ngozi pale iling'aa. Daktari aligusa na kusema pale asitegemee. Nyusi zilirudi zikiwa chache, kila unywele umeelekea upande wake.

Madamu naye alikagua, stoo palepale, kidevu mkononi. "Safi," alisema. "Sasa kuna pa kubandikia."

"Sibandiki tena, Madamu."

"Gundi ya kawaida, si ile."

"Yoyote."

Madamu alimwachia kidevu. "Basi miwani ibaki," alisema, akatoka kupokea simu.

Ikabaki. Macho aliuliza kazi kwenye kiwanda cha kushona sare, wakachukua namba yake. Aliuliza kwa fundi cherehani, akaambiwa aje na cherehani yake. Jioni alimweleza mume wake, naye akasema wataona, na alisema kwa upole, ila vyumba vilikuwa vile vile viwili na dawa za presha ziliisha kila mwisho wa mwezi.

Wiki iliyopita alikuja mteja mpya, msichana wa duka la simu, anayetaka kope nene kuliko zote zilizopo kwenye picha za ukutani. Macho alimlaza, akazikagua kope za msichana mwenyewe kwa kibrashi. Zilikuwa chache, zimekatika ncha, mizizi ina wekundu. Alitazama mlangoni. Madamu alikuwa nje na muuza taulo. Akavua miwani, akainama.

"Mdogo wangu, niangalie kidogo. Unaona hili pengo? Limetokana na hii kazi. Zako zimechoka. Zipumzishe miezi mitatu, paka nyonyo jioni ukitaka, kisha urudi."

Msichana aliliangalia pengo. Aliliangalia vizuri, bila haraka, na Macho akaona kwamba ameelewa kabisa.

"Pole, dada," alisema msichana. "Lakini Jumamosi dada yangu anaolewa, na mimi ndiye msimamizi wake. Wewe weka tu. Nitazipumzisha baadaye."

Baadaye. Macho alilijua neno hilo, alikuwa amelitumia miaka sita. Angeweza kukataa, na msichana angetoka na kwenda kwa mdogo wake Madamu, mtaani humo humo, ambako wanatumia ile gundi kali. Akamwambia afumbe macho. Alichagua nyuzi nyepesi kuliko zote, akaziweka kwa nafasi, moja hapa, moja pale, akiziruka zile kope zilizolegea, akamweleza jinsi ya kuzitoa kwa mafuta bila kuvuta, akarudia mara mbili. Msichana alisema ndiyo, ndiyo, kisha akasinzia.

Madamu aliporudi, miwani ilikuwa usoni. Kwenye viti vya kusubiria walikuwepo wateja wengine wawili.